Kusafisha Betri Iliyovuja Bila Kujiumiza: Kuanzia Rimoti Hadi Gari

Betri ikivuja huacha ungaunga au ukoga, na watu wengi huuondoa kwa chochote kilicho karibu, iwe ni kitambaa chenye maji, petroli, soda ya kola au ukucha. Kosa kubwa katika kazi hii ni kudhani kwamba ukoga wa rimoti na ukoga wa betri ya gari ni kitu kimoja kwa sababu vyote viwili ni vyeupe. Kwa kawaida mmoja ni alkali na mwingine ni asidi, kwa hiyo dawa ya mmoja haiwezi kuwa dawa ya mwingine. Siki inayosafisha rimoti vizuri haiui ukali wowote kwenye kichwa cha betri ya gari, na bikaboneti inayotuliza asidi ya gari haina kazi ndani ya rimoti yenye betri za alkali. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kujua kilichovuja, na chupa yoyote isifunguliwe kabla ya hapo.

Kutambua kilichovuja

Betri ndogo za tochi, redio, saa ya ukutani na rimoti zimegawanyika katika makundi mawili makubwa, na alama iliyochapishwa kwenye ganda ndiyo inayoyatofautisha. Yenye LR6, LR03 au LR20 ni ya alkali. Yenye R6, R03 au R20, bila herufi L mbele, ni ya zinki na kaboni, nayo ndiyo ya bei nafuu inayopatikana karibu kila kioski.

Ndani ya betri ya alkali mna hidroksidi ya potasiamu, kemikali inayochoma ngozi na macho. Betri hiyo ikikaa muda mrefu, au ikitumika hadi ikaisha kabisa na kusahaulika ndani ya kifaa, gesi ya hidrojeni hujikusanya ndani yake, msukumo huongezeka, na hatimaye kizibo cha plastiki kilicho upande wa hasi huachia. Majimaji yakitoka nje hufyonza kabonidioksidi ya hewani na kugeuka kaboneti ya potasiamu, ambayo ndiyo ile chembechembe nyeupe inayofanana na chumvi. Kwa kuwa kizibo kiko upande wa hasi, springi ndiyo huumia kwanza, huku kibati cha upande wa chanya mara nyingi kikibaki salama. Betri ndogo za kuchaji za nikeli nazo hutumia hidroksidi ya potasiamu, hivyo zishughulikiwe kwa njia hiyo hiyo.

Betri ya zinki na kaboni huharibika kwa namna nyingine. Kopo lake la zinki ndilo ncha ya hasi, na kopo hilo huliwa kadiri betri inavyofanya kazi, hadi linatoboka. Kinachotoka ni majimaji mazito, mara nyingi ya rangi ya kahawia, yenye kloridi ya zinki au ya amonia, nayo yana asidi hafifu.

Betri ya gari, ya pikipiki na zile kubwa za sola ni za risasi zilizotumbukizwa katika asidi ya salfuriki. Ungaunga mweupe kwenye vichwa vyake kwa sehemu kubwa ni salfeti ya risasi, na ule wa buluu au kijani ni salfeti ya shaba, inayotokea pale mvuke wa asidi unapoila shaba ya waya au ya teminali, yaani kibano cha waya kinachoshika kichwa cha betri.

Betri za lithiamu za simu, kompyuta mpakato na tochi za kisasa hazimo katika mwongozo huu, na kwa makusudi. Iliyovimba au kutoa harufu tamu ya kemikali haisafishwi, haitobolewi na haichajiwi tena. Iwekwe mbali na moto na vitu vinavyoshika moto, kisha ipelekwe kwa fundi mwenye ujuzi.

Vifaa na kinga

Kwa kazi zote mbili unahitaji glavu za mpira, miwani ya kinga, mswaki wa zamani, vitambaa vya kutupa, gazeti la kutandika na maji safi ya kutosha karibu nawe. Kwa vifaa vya nyumbani ongeza siki nyeupe au maji ya ndimu, pamba za masikioni, vijiti vya meno, msasa laini wa namba 400 au zaidi, na spiriti. Kwa gari ongeza bikaboneti ya soda, spana (magari mengi ya Kijapani hutumia namba 10), brashi ndogo ya waya na mafuta ya mgando.

Bikaboneti ya soda ni ile poda inayouzwa madukani kwa ajili ya keki na vitumbua, na isidhaniwe kuwa ni hamira, ambayo haifai kabisa hapa. Ile poda ya kuumulia iliyokwisha kuchanganywa na asidi na wanga nayo ni dhaifu, kwa sababu sehemu ya nguvu yake imeshatengewa kazi nyingine. Mahali ambapo bikaboneti haipatikani, magadi ya kupikia maharage yanaweza kushika nafasi yake kwenye betri ya gari. Magadi ya aina ya yale yanayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, kwa hiyo yanaua asidi barabara, ila ni makali zaidi kwa ngozi na macho, na yanahitaji kuyeyushwa na kuchujwa mchanga kwanza.

Kuna ushauri unaozunguka sana wa kuchanganya siki na bikaboneti katika kikombe kimoja ili kupata povu. Povu hilo linapendeza macho, lakini asidi na alkali hizo zinauana zenyewe, na kinachobaki kikombeni ni maji ya chumvi yasiyokusaidia lolote.

Majimaji ya betri yakigusa ngozi, vua nguo iliyolowa na uoshe mahali hapo kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 hadi 20. Yakiingia jichoni, fumbua kope kwa vidole safi na uoshe kwa maji kwa muda huo huo bila kukatiza, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua, kwa sababu alkali huendelea kupenya ndani ya jicho baada ya uchungu kutulia. Usitie siki wala bikaboneti jichoni kwa nia ya kuua ukali. Maji peke yake ndiyo dawa. Aliyemeza asitapishwe. Mtoto aliyemeza betri ya kitufe, hata kama anacheza bila kulalamika, apelekwe hospitali papo hapo, kwa maana betri hiyo inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa 2.

Rimoti, tochi, redio na saa

Tandika gazeti, vaa glavu na miwani, kisha fungua kifuniko ukiwa umekiinamisha kifaa ili ungaunga udondoke nje na usiingie ndani. Usipulize kwa mdomo. Betri iliyokwama ibanduliwe kwa kijiti au kipande cha plastiki kuanzia upande wa chanya, ambako huwa hakujaganda, na isukumwe kuelekea springi kabla ya kuinuliwa. Anayetumia bisibisi ya chuma huweza kulitoboa ganda na kuleta uvujaji wa pili, mbichi kuliko ule wa kwanza. Zitie betri hizo kwenye mfuko wa plastiki mara moja.

Kabla ya kutia kimiminika chochote, ondoa ukoga mkavu kwa kijiti na mswaki mkavu, kwa maana kila gramu unayoitoa ikiwa kavu ni gramu ambayo haitayeyuka na kutiririka kuelekea kwenye bodi ya saketi. Sasa chovya pamba ya masikioni kwenye siki au maji ya ndimu, ikamue kidogo ili isidondoshe, na uiguse kwenye springi na vibati. Kaboneti itatoa vipovu vidogo. Badilisha pamba na urudie hadi vipovu viishe, halafu fanya raundi moja zaidi, kwa sababu hidroksidi ambayo bado haijageuka kaboneti haitoi povu hata kidogo, na ukimya wa pamba si ushahidi wa kutosha kwamba alkali imekwisha. Ikiwa kilichovuja ni betri ya zinki na kaboni, acha siki kando na utumie pamba iliyolowa kidogo maji ya bikaboneti, kijiko kimoja cha chai katika nusu kikombe cha maji.

Palipo na alama isiyosomeka, jaribu tone moja la siki pembezoni mwa ukoga. Ukichemka, endelea na siki. Usipochemka, na ukoga wenyewe ni wa kahawia na una unyevunyevu, hamia kwenye bikaboneti.

Siki nayo ni asidi, na ikiachwa itakula kibati ilichokiokoa. Pitisha pamba yenye maji safi kidogo, kisha pamba yenye spiriti, ambayo hubeba unyevu na kukauka upesi. Acha kifaa wazi mahali penye hewa hadi kikauke kabisa, kwa kawaida saa kadhaa. Jua kali la mchana si lazima, na kwa vifaa vya plastiki nyembamba lina hatari ya kuvipinda.

Sasa itazame springi kwa karibu. Ikiwa bado inang'aa, kazi imekwisha. Ikiwa na madoa meusi yaliyokwaruza kidogo, isugue kwa msasa laini kwa mikono miwili mitatu tu, ukitafuta mahali betri inapogusa na kuacha pengine, kwa maana mng'ao unaouona ni ganda jembamba la nikeli, na ukilimaliza chuma kilicho chini yake kitaanza kushika kutu kwa unyevu wa hewa peke yake, hasa kwa wakazi wa pwani. Springi iliyonyong'onyea au kukatika ibadilishwe. Mafundi wa redio huzitoa kwenye vifaa vilivyokufa na kuziuza kwa bei ndogo.

Kifaa kikiwa kisafi lakini bado hakiwaki, fuata waya unaotoka kwenye springi. Alkali hutambaa ndani ya ganda la waya na kuigeuza shaba kuwa nyeusi umbali wa sentimita kadhaa kutoka mahali ilipovujia, na waya huo hushindwa kupokea risasi ya kuchomelea hata ukiusugua. Ukate hadi ufikie shaba nyekundu, au uutoe wote na kuweka mwingine.

Betri ya gari

Simamisha gari mahali tambarare penye hewa, vuta breki ya mkono, zima taa zote na utoe ufunguo. Kama injini ilikuwa ikifanya kazi, fungua boneti na uache hewa ipite kwa dakika kadhaa, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayoweza kulipuka inapofikia asilimia 4 tu ya hewa. Hapana sigara, hapana kibiriti cha kumulikia. Vua pete, saa na bangili. Pete ya dhahabu ikiunganisha kichwa cha chanya na bodi ya gari hupata moto wa kuchoma kidole kabla mwenyewe hajaukwepesha mkono.

Kabla ya kulegeza nati yoyote, fikiria redio. Magari mengi ya Toyota yaliyoagizwa kutoka Japani yana redio za navigesheni ambazo zikikatiwa umeme hujifunga na kudai namba ya siri au kadi ya ramani ambayo haipo tena. Asiye na namba aitafute kwanza, kwa maana fundi wa kufungua redio hiyo hudai fedha nyingi kuliko kazi ya kusafisha betri yenyewe. Kwa magari ya mseto kama Prius na Aqua, betri ya volti 12 mara nyingi huwa nyuma, kwenye buti au chini ya kiti, na nyaya za rangi ya chungwa haziguswi kamwe.

Teminali ya hasi ndiyo hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho. Sababu yake ni kwamba bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umefunga mzunguko wa mamia ya ampea mkononi mwako. Usitegemee rangi ya waya, kwa kuwa nyingi zimekwisha kubadilishwa na mafundi kwa waya wowote uliopatikana siku hiyo. Soma alama kwenye ganda la betri, na kama imefunikwa na ukoga, linganisha unene: kichwa cha chanya ni kinene kidogo kuliko cha hasi.

Teminali iliyoganda isigongwe kwa nyundo wala kubanduliwa kwa bisibisi, kwa sababu nguvu hiyo huvunja kiungo cha ndani, pale kichwa kinapoungana na sahani za risasi, na betri nzima huwa imekufa bila jeraha linaloonekana. Yeyusha kijiko kimoja cha chakula cha bikaboneti katika kikombe cha maji ya vuguvugu, mwagia teminali kidogo kidogo, subiri, kisha izungushe kushoto na kulia huku ukiivuta juu. Ikitoka, izungushie kitambaa kikavu na uisogeze mbali, ndipo ufungue chanya.

Hakikisha vifuniko vya betri vimekazwa, kwa maana maji ya bikaboneti yakipenya ndani yataua asidi ambayo betri inaihitaji. Kagua ganda: lenye ufa halisafishwi, linabadilishwa. Kisha mimina mchanganyiko huo kwa kijiko juu ya vichwa na ndani ya teminali. Utachemka kwa nguvu. Uache utulie, sugua kwa mswaki, mimina tena, na uendelee hadi umimine pasipo povu. Safisha pia trei na chuma kilicho chini yake, kwani asidi iliyodondoka hapo huendelea kula rangi na bati kwa miezi bila mtu kuona. Suuza kwa maji kidogo ya kikombe, usitumie mpira wa maji wenye nguvu, kisha ukaushe vizuri.

Nyuso mbili zinazogusana, yaani nje ya kichwa na ndani ya teminali, ndizo zenye thamani kuliko zote. Zisugue kwa brashi ya waya au msasa zikiwa na unyevu, ili vumbi la risasi lisipeperuke, hadi zioneshe rangi ya kijivu inayong'aa. Risasi ni laini na haistahili kusuguliwa sana, maana kichwa kikikonda teminali haitabana tena. Hapo ndipo inapoanzia ile desturi ya kuchomeka msumari au kipande cha kopo la soda kati ya kichwa na teminali; inawasha gari kwa wiki moja na kuzaa ukoga mpya wa metali mbili zisizopatana. Badala yake tumia kipande chembamba cha bati la risasi, au nunua teminali mpya.

Rudisha chanya, kisha hasi. Sukuma teminali kwa mkono hadi ifike chini, ikaze mpaka isizunguke kwa nguvu ya mkono, na uishie hapo. Mafuta ya mgando au grisi yapakwe baada ya kukaza, kwa nje tu na kwa wembamba, kazi yake ikiwa ni kuzuia hewa na mvuke wa asidi.

Mwenye mita anaweza kuthibitisha kazi yake. Iweke kwenye volti 20 za umeme mnyoofu (DC), gusa ncha moja katikati ya kichwa na nyingine kwenye teminali ya upande huo huo, halafu mtu mwingine apige starta. Unatarajia kuona chini ya volti 0.2. Ukiona nusu volti au zaidi, kiungo bado ni kichafu au kimelegea. Starta inayovuta ampea 150 kupitia ukinzani wa omu 0.01 tu hupoteza volti 1.5, na betri iliyojaa ina volti 12.6 hivi; ndiyo maana gari lenye betri nzima kabisa hulia "tik" na kukataa kuwaka.

Mwenye betri ya sola afuate hatua hizo hizo, ila aikate paneli kabla ya kuikata betri, kwa kuwa vidhibiti chaji vingi huharibika vikibaki na paneli bila betri.

Ukoga unaorudi

Ukoga ukirudi ndani ya wiki chache, pima volti za betri injini ikiwa inaunguruma. Kati ya 13.8 na 14.5 ni kawaida. Zikipita 15, altaneta inachaji kupita kiasi, inachemsha maji ya betri na kutoa mvuke wa asidi, na hakuna mafuta ya mgando yatakayouzuia. Sababu nyingine ni betri iliyojazwa kupita mstari wa juu, au isiyofungwa vizuri ikawa inacheza kwenye barabara za mashimo. Kinachoongezwa kwenye betri inayotumika ni maji yaliyotoneshwa, si asidi. Chupa za vyote viwili huuzwa kwenye rafu moja na wauzaji wengi huziita zote maji ya betri, kwa hiyo soma lebo kabla ya kulipa.

Soda ya kola ina asidi ya fosforiki, na kuimwaga juu ya asidi ya salfuriki hakuui chochote. Inachofanya ni kulainisha ukoga na kuacha sukari ya kualika sisimizi na vumbi. Maji ya moto huyeyusha salfeti ya shaba kweli, lakini huisogeza asidi kutoka juu ya betri hadi kwenye chuma cha chini.

Kwa vifaa vya nyumbani, usichanganye betri mpya na kuukuu wala za alkali na za zinki, maana iliyo dhaifu hulazimishwa kupokea umeme kinyumenyume na ndiyo itakayopasuka. Kifaa kisichotumika kwa miezi kihifadhiwe betri zikiwa nje.

Taka

Vitambaa na gazeti vilivyotumika kwenye betri ya gari vina risasi. Vitiwe kwenye mfuko na kufungwa. Visichomwe, na maji ya kusuuzia yasimwagwe karibu na kisima, bustani ya mboga au mahali watoto wanapochezea. Madhara ya risasi ya betri yameonekana wazi huko Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichafua makazi ya watu, na Phyllis Omido aliyeongoza mapambano ya wakazi akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Nguo ulizovaa zifuliwe peke yake, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Betri ya gari iliyokufa ipelekwe nzima, imesimama wima na asidi yake ikiwa ndani, kwa muuzaji wa betri, ambaye mara nyingi hupunguza bei ya mpya kwa kuipokea hiyo ya zamani. Mnunuzi wa vyuma chakavu anayetaka uimwage asidi kwanza ili kupunguza uzito asipewe.